Mwaliko Alioupika Yustina

Yustina ana sauti mbili. Ya kwanza ni ya kuombea chumvi kwa jirani. Sijawahi kuisikia, nimeambiwa tu kwamba ipo. Ya pili ni ya kazini, na hiyo niliisikia kabla sijaiona kambi. Nilikuwa nimeshuka kwenye pikipiki, matope magotini, barabara ya kutoka Itigi kwenda Rungwa imekatwa na maji mbele yetu, na dereva wangu ameshatangaza kwamba yeye haogelei. Bati pekee la karibu lilikuwa la kambi ya wajenzi wa barabara. Nyuma ya kontena mtu alikuwa akifoka:

"Pilipili siyo mboga! Nikueleze mara ngapi, Shafi? Ukijiua, watasema Yustina ndiye aliyekuua."

"Wewe pika," sauti ya kiume ikajibu. "Mimi nakufa mwenyewe."

Aliyejibu alikuwa Shafikul, msimamizi wa ujenzi wa makaravati ya kupitishia maji, mtu wa Rangpur, kaskazini mwa Bangladesh. Kijiji kilimwita Mhindi mpaka akachoka kukataa. Ndipo Yustina akapiga marufuku jina hilo jikoni kwake, akisema mtu ana nchi yake, mwacheni nayo, wakabaki na Shafi. Alikuwa mwembamba, mwenye shati lililopigwa pasi katikati ya matope yale yote. Nilimsalimia kwa Kibengali changu cha kuokotea safarini, ambacho kinafaa kuagizia chai na kugombania nauli, naye akafurahi kama mtu aliyeokota pete yake iliyopotea.

Yustina akatokea mlangoni, mwiko mkononi, akanitazama kuanzia matope kwenda juu.

"Kumbe unajua maneno yake, kaka?"

"Kidogo tu, dada."

"Kidogo kinatosha. Kaa, ule. Ukishiba nitakupa kesi yangu, maana huyu mtu Kiswahili chake ni cha kuamuru zege. Cha kuelewa utu hana."

Kesi yenyewe haielezeki bila kumweleza Yustina.

Alizaliwa Itigi, mtoto wa fundi wa reli, mama Mnyaturu wa Ikungi, baba Mgogo wa Manyoni. Amepika maisha yake yote. Alianza kupikia masista, akaja akapikia mafundi wa reli, na sasa anapikia wajenzi wa barabara. Anasema tofauti ni kwamba masista husali kabla ya kula, wajenzi husali baada ya kuonja. Mume wake, Gervas, alikwenda Sekenke kwenye machimbo ya dhahabu. Aliaga kwamba anakwenda kuangalia tu. Mpaka leo anaangalia. Kila akipiga simu anasema wamekaribia mwamba. Binti yao Sara akaolewa Dodoma, na nyumbani akabaki Yustina, kuku wake, na ekari tatu za alizeti.

Ekari tatu za alizeti hazipaliliwi na mwanamke mmoja mwenye kazi ya kupikia wanaume thelathini. Yustina haajiri vibarua. Hulima kwa mwaliko, kama wanavyolima watu wengi pale. Unapika pombe, unachinja kama una cha kuchinja, unatangaza: Jumamosi ni kwangu. Majirani wanakuja na majembe alfajiri, wanalima mpaka jua likikaza, kisha wanakula na kunywa. Hulipi mtu. Lakini umeshakula kazi za watu, na jirani akitangaza ya kwake, unakwenda. Usipokwenda, hakuna atakayekutukana wala kukushitaki. Utakapotangaza tena, watu watakuwa hawajasikia, basi. Wanaweza kuwa wamesimama mbele yako, na hawajasikia.

Sasa, mwezi wa Desemba mvua za kwanza ziliponyesha, vibarua wote wa kambi waliondoka. Hawakugoma. Walikwenda kupanda. Shafi alibaki na karavati nusu, mtaro haujachimbwa, na maji yakipanda kila siku. Alifanya alichojifunza huko alikopita: akaongeza malipo. Doha, ukiongeza malipo, watu wanatoka hata kitandani. Malaysia kwenye mashamba ya michikichi, ukiongeza malipo, watu wanavuka bahari. Hapa aliongeza, akaongeza tena, akazunguka kijijini akitangaza kwa kipaza sauti cha kambi, na mtu pekee aliyetoka ni mzee Fabiano, aliyetoka kumwomba ashushe sauti kwa sababu anawatisha ng'ombe.

"Pesa yako tunaipenda sana, bosi," Fabiano alimwambia. "Itakuwepo hata mwezi wa tatu. Mvua hii haitakuwepo."

Karavati likibomoka, msimamizi angehamishwa na kambi ingefungwa. Na kambi ikifungwa, jiko nalo linafungwa. Yustina akaona njia ambayo mtu yeyote wa pale angeiona. Alimwambia Shafi anunue mtama na mbuzi, akapika pombe, na pembeni akapika ndoo za togwa kwa ajili ya Waislamu na walokole, ingawa mashahidi wanasema baadhi ya walokole walikosea ndoo. Kisha akapita nyumba kwa nyumba: Jumamosi ni kwa Shafi. Watu wakaja na majembe na sepetu, wakaimba, wakachimba, na kabla ya jua kukaza mtaro ulikuwa umefika mtoni.

Shafi alitoka na bahasha. Watu wakacheka, wakamwambia aiweke. Alirudi kwenye kontena akampigia bosi wake simu kwamba amegundua watu wanaofanya kazi kwa wali na nyama ya mbuzi.

Hapo ndipo kosa lilipo, na Yustina anakiri ni lake, ingawa kwa sauti ya kazini. Hakumweleza Shafi habari ya kurudisha. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu duniani, tena mwenye mvi, asiyejua maana ya mwaliko.

Ikapita Krismasi, alizeti ikaota, magugu nayo yakaota. Ndipo Fabiano akaja getini asubuhi, kofia mkononi, akasema kwa heshima zote: "Mwambieni Shafi keshokutwa ni kwangu."

"Kwake nini?" Shafi akauliza.

"Palizi," Yustina akasema.

Shafi akacheka. Akaona hawacheki. Akatoa pesa, Fabiano akarudi nyuma hatua moja kama mtu aliyeonyeshwa nyoka. Siku yenyewe Shafi akatuma vibarua wawili waliokwisha kurudi kambini wakalime badala yake. Fabiano akawapa maji, akawarudisha. Wale, alisema, walishakuja kwenye mtaro kwa majembe yao wenyewe, wana madeni yao wenyewe, hawawezi kubeba la mtu mwingine. Fabiano akaahirisha shughuli, ili kumpa mgeni nafasi. Wiki iliyofuata Shafi, kwa moyo mweupe kabisa, akatuma greda.

"Greda!" Yustina alinieleza, akipiga meza. "Kupalilia alizeti! Dereva akafika shambani anauliza, mzee nianzie wapi. Fabiano akalala chini mbele ya gurudumu. Mzee wa watu, na shati la kanisani!"

Ilichekesha kijiji kizima isipokuwa Fabiano. Aliondoka pale kwenye matope akaenda moja kwa moja jikoni kwa Yustina. Hakufoka, akamwambia, "Mama Sara, sisi yule hatumjui. Tulikuja kwa mdomo wako. Natangaza mara ya mwisho, Alhamisi. Asipokuja yeye kwa mikono yake, basi aliyekula jasho letu ni wewe."

Yustina aliposema hayo aliacha kupiga meza. Shamba lake lilionekana kutoka dirishani, ng'ambo ya barabara. Magugu yalikuwa yameshafika magotini, na alizeti ilikuwa ikichungulia katikati yake kama watoto kwenye umati. Kila mwaka mpaka tarehe hizo lilikuwa limeshapaliliwa. Mwaka huu hakuwa amethubutu kutangaza, kwa kuogopa kutangaza na asisikiwe.

"Na Alhamisi ni kesho," akasema. "Basi mwambie."

Tukamwita Shafi, nikamwambia, kwa maneno ya chai na nauli niliyokuwa nayo. Nilipofika kwenye watu kurudishiana kazi, aliniinulia mkono ninyamaze. Kumbe alikuwa na neno la kitu hicho, la kwao, nami sikuwa nalijua.

Kwa Kiswahili Shafi ni mtu wa "wewe leta" na "mimi nalipa". Kwa Kibengali, ambacho mimi nakisikia kuliko ninavyokisema, ni msemaji ambaye angeweza kugombea ubunge. Alisema baba yake alilima hivyo hivyo. Majirani walikuja na mundu wakati wa kuvuna mpunga, wakalishwa samaki na wali, na kesho yake baba alikwenda kwao. Halafu vijana wakaanza kwenda Uarabuni. Aliyebaki alikuwa na shemeji Kuwait, naye akaenda. Wasichana wakaenda viwandani karibu na Dhaka kushona, maana mishahara ya Wachina ilipanda na wenye kampuni za nguo wakahamisha kazi kuja kwao. Binti yake mwenyewe anashona makoti ya baridi, baridi ambayo hajawahi kuihisi. Anatuma pesa nyumbani, na yeye Shafi anatuma pesa, na mke wake Rehana amejenga nyumba ya tofali yenye roshani, lakini mpunga ukiiva hakuna wa kuuvuna. Anampigia dalali simu. Dalali anamletea watu wa wilaya nyingine kwa bei anayotaka yeye, au anamletea mashine, na mashine nayo ina foleni.

"Nimetoroka jembe nikiwa na miaka kumi na tisa," Shafi akasema. "Nimepita Qatar, nimepita Malaysia, nimepita Maldivi, nimekuwa msimamizi. Kijijini kwetu wananiita injinia. Nimezunguka dunia yote ili nije Itigi nishikishwe jembe?"

Nikamtafsiria Yustina.

"Muulize baba yake alipoalikwa alituma greda?"

Nikauliza. Shafi akaangalia chini, akasema baba yake asingetuma hata ng'ombe. Kisha akasema jambo ambalo nililitafsiri polepole, maana ndilo lilikuwa linamzuia: vibarua wake wote watakuwa shambani. Wakimwona ameinama na jembe, Ijumaa atawaamuruje?

"Kwani mimi nawaamuruje?" Yustina akasema. "Nimelima nao kila mwaka. Nikisema leteni kuni, wanaleta. Na wewe Shafi nikikwambia ule, huli?"

Shafi alielewa hilo bila tafsiri. Akanyanyuka, akaenda zake.

Alhamisi alfajiri shamba la Fabiano lilikuwa limejaa watu. Yustina alikuwa amewaachia wasaidizi chai ya kambi, akaja na majembe mawili begani. Kila mtu aliliona lile la pili na hakuna aliyeliuliza, isipokuwa Jenipher, jirani yake Fabiano, ambaye haachi kitu kipite.

"Mama Sara, hilo lingine la nani? La Gervas?"

"Gervas yuko karibu na mwamba," Yustina akajibu, na watu wakacheka, lakini yeye alikuwa anaangalia barabara.

Watu wakajipanga mstari. Fabiano akasimama pembeni, mikono nyuma. Jua likachomoza. Mistari ya kwanza ikapaliliwa. Yustina akalima kwa kasi ya mtu anayelimia wawili, akakataa maji, akakataa kuongea, na hilo la mwisho liliwatisha watu kuliko chochote.

Shafi alikuja kwa miguu. Shati limepigwa pasi, suruali imekunjwa mpaka magotini, peku. Akamwamkia Fabiano, "Shikamoo, mzee," neno zima, sawasawa. Fabiano akaitikia marahaba bila kutabasamu. Yustina akampa jembe. Shafi akalipima mkononi, akarudisha. Akatoa mfukoni kisu kifupi kilichopinda cha kukatia kamba za mifuko ya saruji, akachuchumaa katikati ya mistari, makalio karibu na ardhi, akaanza kung'oa magugu moja moja, akisogea kama bata.

Shamba likasimama.

"Anatafuta nini?" Jenipher akauliza. "Kapoteza simu?"

"Analima," nikasema. "Kwao wanapalilia hivyo."

"Akiwa amekaa?"

Ukaanza mjadala. Laurian, dereva wa lile greda, akasema palizi ni magugu kutoka, haijalishi mtu yuko juu au chini. Jenipher akasema wao waliinama kwenye mtaro mpaka viuno vikalia, sasa mtu akija kukaa chini, deni la kiuno limelipwa na nini? Mwingine akasema hata kuchuchumaa kunauma, jaribuni. Wawili wakajaribu. Mmoja akaanguka kwa nyuma. Shafi hakuinua kichwa. Alikuwa mtaratibu kupita kiasi. Wenzake walikuwa wameshamaliza mstari na kugeuka naye bado yuko karibu na mwanzo. Zaidi ya hapo, kila baada ya muda aling'oa mche wa alizeti pamoja na gugu, akautazama, akauchomeka tena ardhini akiupigapiga udongo, kama mtu ambaye hatutamwona.

Ndipo simu yake ikalia. Ilikuwa kwenye mfuko wa shati, mikono yake imejaa tope, na Jenipher, ambaye haachi kitu kipite, akaichomoa na kubonyeza palipokuwa na kijani. Akatokea mwanamke mwenye mtandio wa njano, kwenye roshani.

"Haloo mama!" Jenipher akasema. "Mumeo huyu hapa!" Akaielekeza simu chini.

Rehana alimwona injinia wake amechuchumaa kwenye magugu, na tope mpaka kwenye ndevu. Alichosema kwanza hakikuhitaji mkalimani. Akilia, akauliza kama amefukuzwa kazi, kama ameuzwa, kama wale watu wamemchukulia pasipoti. Shafi akaeleza harakaharaka: mtaro, mbuzi, greda, mwaliko. Alipolitaja lile neno la kwao, kilio kikakatika. Kisha Rehana akafoka, na Jenipher akanivuta shati.

"Anasema nini? Anasema nini?"

"Anasema msimu mzima yeye anapigana na dalali kwenye simu, kila siku bei inapanda, mpunga umemlalia shambani. Kumbe mikono ya nyumbani kwake iko huku inapalilia bure?"

Fabiano, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema kitu zaidi ya marahaba, akasogea mpaka kwenye kioo cha simu. Akavua kofia.

"Mwambie shemeji siyo bure. Alitulisha mbuzi."

Nikatafsiri.

"Na mwambie na yeye atangaze. Apike tu. Tutakuja."

Nikatafsiri hilo pia. Rehana akatazama lile kundi la watu na majembe yao, akauliza kwa dhati kabisa wako wangapi. Nilipowaambia alichouliza, shamba zima lilicheka mpaka ng'ombe wa Fabiano wakageuza vichwa, na Shafi mwenyewe akacheka pale chini, akashika mche wa alizeti usianguke. Kabla ya kukata simu Rehana alitaka kioo kisogezwe karibu na mikono ya mumewe. Akaitazama kazi. Nikalazimika kutafsiri kwa sababu Jenipher alinibana: anasema tangu wameoana hajawahi kumpalilia hata pilipili zake, na anashika kisu vibaya.

Baada ya hapo hakuna aliyejadili tena kama kukaa ni kulima. Jenipher aliingia upande wa pili wa mstari wa Shafi, akalima kuja kumpokea, kama wanavyopokewa wagonjwa na wazee. Walipokutana jua lilikuwa limekaza na chakula kimeiva.

Fabiano alipita kati ya watu akigawa maji ya kunawa. Alipofika kwa Shafi alimmiminia mikononi mwenyewe, polepole, mpaka tope lote likatoka. Kisha akageuka.

"Mama Sara," akasema, kwa sauti ya kusikiwa na shamba zima. "Kwako lini? Mbona hutangazi? Magugu yale tunayaona kutoka barabarani, ni aibu."

Yustina alipangusa kwa kiganja jembe lake, ambalo lilikuwa safi. Watu wote walikuwa wanamtazama, na wote walikuwa wanasikia.

"Jumamosi," akasema mwishowe. Ilikuwa sauti ndogo. Ile ya chumvi, nadhani.

"Jumamosi hapana!" Shafi akaruka, maji yakimtiririka viwikoni. "Jumamosi mimi nina zege!"

Yustina akavuta pumzi, na sauti ya kazini ikarudi yote.

"Zege utamwaga Ijumaa, Shafi! Na uje na kisu kinachokata!"